Gari ya Stima ya Wadosi Itafika Baba Dogo: Itakupata Ukiwa Rada?

Cheki hii picha. Ni saa moja jioni na Outering imekwama. Mathree yako imesimama pale Allsops, konda amening'inia mlangoni, spika zinatetemesha kiti. Kando yenu kuna gari moja chini kabisa, nyeusi, safi kama sahani ya sherehe. Haina mlio. Jam ikisonga inateleza mbele bila kunguruma, bila moshi. Nyuma imeandikwa Taycan. Msee wa kiti cha nyuma anasema hiyo ni Porsche ya stima. Unatoa simu, unapiga picha, unaiweka WhatsApp, halafu unashuka Baba Dogo na maisha inaendelea.

Wengi wetu tunadhani hadithi yetu na hizo gari inaishia hapo kwa picha. Mimi nasema hapana. Kuna tarehe hizo ndai zitaingia mtaani, na hesabu yake si ngumu. Lakini kabla tufike huko, tuelewane kwanza hii ni gari gani, na usitarajie nini kutoka kwake.

GT ni nini?

Hizo herufi GT umeziona nyuma ya Subaru Legacy za machali wa mtaa. Maana yake ni gari ya safari ndefu kwa starehe. Inakimbia, lakini imetengenezwa ukae ndani masaa matano, na masanduku nyuma, na ushuke bila kuumwa na mgongo. Kitambo hiyo kazi ilifanywa na injini kubwa, silinda nane au kumi na mbili. Sasa inafanywa na betri.

Taycan ndiyo iliwasha hiyo moto kwa wengi. Porsche waliizindua Septemba 2019. Ile kali ya wakati huo, Turbo S, ilitoka sufuri hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 2.8. Hapo konda hajamaliza kusema "beba beba". Na ndiyo, inaitwa Turbo lakini haina turbo ndani. Ni jina tu, kama vile nganya inaweza kuitwa jina la ndege na bado inakwama kwa jam.

Audi wakafuata 2021 na e-tron GT, ambayo kwa chini ni ndugu ya Taycan. Kuna Lucid Air ya Marekani, kampuni ambayo mwenye hisa nyingi ni hazina ya serikali ya Saudi Arabia. Toleo lao la Grand Touring lilipimwa Marekani likapewa maili 516 kwa chaji moja, kama kilomita 830. Na Jaguar, wale wa paka anayeruka, waliacha kuuza magari mapya kwao Uingereza mwishoni mwa 2024, halafu Desemba hiyo wakaenda Miami kuonyesha gari ya mfano inayoitwa Type 00. Waliahidi GT ya stima ya milango minne, kilomita 770 kwa chaji moja, bei zaidi ya pauni 100,000. Hiyo ni kama milioni 17 za Kenya, na hapo KRA bado hajaguswa.

Sasa, ahadi ni ahadi. Zile kilomita zinapimwa kwa maabara. Tuzilete kwa barabara yetu.

Nairobi hadi Mombasa, na kurudi

Hapa kwetu safari ndefu ni moja: Mombasa. Karibu kilomita 485. Chukua Taycan ya kuanzia 2024 yenye betri kubwa. Betri hiyo inakupa kama uniti 97 za kutumia. Ndiyo, uniti, zile zile unazonunua na tokeni. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja, iwe kwa gari ama kwa birika la mamako.

Ukikanyaga kama watu wanavyokanyaga Mombasa Road, weka uniti 21 kwa kila kilomita 100. Mombasa nzima inataka kama uniti 102. Lakini Nairobi iko juu na Mombasa iko baharini, na gari ya stima ikishuka mlima inarudisha chaji kidogo kwa betri. Kwa hivyo kwenda, ukijichunga, unaweza kufika. Jasho litakutoka ukipita Mariakani, lakini utafika.

Kurudi ndio kuna story. Gari ya tani mbili na zaidi inapopandishwa kutoka baharini hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, kuupanda huo mlima peke yake kunakula kama uniti 10. Hiyo ni fizikia, haijali brandi. Sasa unahitaji zaidi ya uniti 110 na betri iko na 97. Lazima usimame mahali, useme Mtito Andei, uchaji.

Taycan mpya inaweza kupokea chaji ya kilowati 320. Ukipata mashine ya nguvu hiyo, ni dakika chache, chai na mahamri halafu twende. Lakini fikiria kilowati 320 ni nini. Ni birika 160 za stima zikichemsha kwa wakati mmoja. Gari moja tu ingemeza transfoma nzima ya kVA 315 ya estate, na isitoshe. Chaja zinaongezeka Kenya, ziko kwa malls kama Two Rivers, na Kenya Power pia wameweka zao Stima Plaza. Lakini mashine yenye nguvu ya kuitosheleza hii gari si kitu utapata kila mji ukisimama kununua maji.

Kwa hivyo jambo la kwanza la kutarajia: hiyo GT, kwa sasa, ni gari ya Karen hadi Westlands na kurudi. Safari ndefu iko kwa jina. Expressway itaiona sana kuliko Tsavo.

Ukileta hiyo gari kwa plot

Tuseme umeomoka. Mjomba ameacha shamba, ama umepata hela za halali, na umenunua. Umeifikisha Baba Dogo. Umeomba caretaker afungue geti, umeyapita matuta ukiombea tumbo la gari. Sasa chaji.

Soketi ya ukutani ni ampea 13, volti 240. Hiyo ni kilowati tatu, ukibahatika. Betri ya uniti 97 itachukua zaidi ya masaa 32 kujaa. Kutoka Ijumaa jioni hadi Jumapili asubuhi, waya umepita dirishani. Na meta ya plot ni ya landlord, mmegawana nyumba ishirini. Saa ile jirani anawasha instant shower, stima inaenda. Kesho yake una kesi na mtaa mzima, na tokeni ulizomaliza ni za watu.

Na tafadhali, asikudanganye mtu na ile stima ya sambaza. Waya mwembamba ukibeba kilowati tatu masaa 32, huo ni moto unaosubiri usiku. Mtaa huu tunajua moto.

Ukiwa na kejani yako mwenyewe, yenye geti na meta yako, mambo ni tofauti kabisa. Kwa bei ya nyumbani ya kama Sh30 kwa uniti, kujaza betri hiyo ni kama Sh2,900. Gari ya petroli ya daraja hilo, inayokula lita moja kwa kilomita 10, ingetaka lita 46 kwa umbali huo huo. Petroli ikiwa Sh180, hiyo ni zaidi ya Sh8,000. Na unakumbuka Oktoba 2023 vile lita ilifika Sh217 na senti 36 hapa Nairobi.

Kuna zaidi. Tangu Aprili 2023, EPRA iliweka bei maalum ya stima ya magari: Sh16 kwa uniti saa za kawaida na Sh8 usiku, kabla ya kodi na makato mengine. Nia ni poa. Usiku kule Olkaria mvuke wa chini ya ardhi unaendelea kutoka hata sisi tukilala, na mwingine unaachiliwa hewani bure kwa sababu hakuna wa kutumia hiyo stima. Afadhali uingie kwa betri. Lakini hiyo bei inataka meta ya peke yake. Mwenye compound anaipata. Wewe wa plot unaisoma kwa gazeti.

Nani amepunguziwa kodi?

Hapa ndio nataka ukae vizuri, juu hii haisemwi kwa wale vlogger wa magari.

Sheria ya Fedha ya 2019 ilishusha ushuru wa bidhaa kwa magari ya stima pekee kutoka asilimia 20 hadi 10. Sheria hiyo hiyo ikapandisha magari ya petroli ya zaidi ya cc 3000 hadi asilimia 35. Sasa piga hesabu ya mdosi. Akinunua ile ya injini kubwa, 35. Akihamia GT ya stima, 10. Amefanyiwa punguzo la nguvu.

Halafu piga hesabu ya mwalimu wako wa shule ya msingi, anayetafuta ka-Vitz ka cc 1000 kutoka Japan ili apeleke mama hospitali. Yeye ni asilimia 20. Yaani kwa kila mia ya thamani ya gari, mwenye Vitz anatozwa mara mbili ya mwenye Porsche ya stima.

Sisemi hiyo sheria ni mbaya yote. Imesaidia Nissan Leaf pia, na Leaf ni gari ya mtu wa kawaida. Na 2023 serikali iliweka VAT sufuri kwa mabasi na pikipiki za stima, na hiyo unaiona mtaani: boda isiyo na mlio iliyokubeba jana, na zile basi za BasiGo zinazounganishwa Thika ambazo saccos kama Citi Hoppa zilianza nazo 2022. Basi moja ya stima inabeba watu wangapi kwa siku? GT moja inabeba mtu mmoja na mkoba wake.

Kwa hivyo ukisikia mtu anasema "tuunge mkono magari ya stima", muulize: ya nani? Punguzo la basi linafika kwa kiti chako. Punguzo la GT linaishia kwa parking ya Muthaiga.

Miaka minane

Sasa turudi kwa ile tarehe niliyokuahidi.

Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyotumika yenye zaidi ya miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza. Kila mtu wa Baba Dogo anajua hiyo, hata kama hana gari, juu ndiyo inaamua bei za Mombasa. Ndiyo njia gari za wadosi zinashuka kwetu. Mark X ilikuwa gari ya mzee wa ofisi Japan. Subaru za kelele za mtaa zilikuwa za mtu mwingine kwanza. Tunapokea dunia ikiwa na miaka saba na nusu.

Taycan zilianza kufika mikononi mwa Waingereza 2020, na Uingereza wanaendesha upande wetu. Maana yake zile za kwanza zinafunga dirisha mwishoni mwa 2027. Na bei zao huko zimeanguka vibaya. Nyingi zimepoteza zaidi ya nusu ya thamani ndani ya miaka michache. Hata mpya zilipoteza moto: Porsche waliuza Taycan 40,629 mwaka 2023, na 2024 zikawa 20,836. Karibu nusu. Gari ikishuka hivyo Ulaya, mtu wa yadi Nairobi anaanza kuitazama kwa jicho lingine. "Porsche kwa bei ya Prado." Utaiona hiyo post, niamini.

Sasa sikia mtego. Waranti ya betri ya Taycan ni miaka minane au kilomita 160,000, chochote kitakachotangulia. Miaka minane ya Kenya, miaka minane ya betri. Namba ni ile ile. Gari inakufikia siku ile kampuni inasema kwaheri.

Na si betri tu. 2024 Porsche waliita Taycan zote duniani zirudi kukaguliwa mabomba ya breki za mbele, kama gari 150,000. Mwenye gari ambayo imepitia mikono mitatu na bandari moja, nani alimpigia simu? Ukinunua, hiyo ni karatasi ya kwanza ya kuuliza, kabla hujakagua rangi.

Tena kuna programu. Gari hizi ni simu yenye magurudumu. Fisker ya Marekani ilifilisika Juni 2024, na wenye gari zake wakabaki wakihangaika ni nani atarekebisha programu zao. Hapa kwetu tumeonja. NopeaRide walileta teksi za stima Nairobi 2018, Nissan Leaf safi kabisa, na chaja zao wenyewe. Novemba 2022 kampuni mama ya Finland ikafilisika, na huduma ikafungwa. Gari hazikuwa na shida. Waliozishikilia ndio walianguka.

Kwa fundi wetu wa kando ya barabara

Hapa ndio pesa iko, na ndio sababu naandika hii kwa mtu wa Baba Dogo na si wa Karen.

Pita Baba Dogo Road asubuhi. Katikati ya viwanda kuna machali wako chini ya magari, mikono nyeusi, mdogo akishika tochi. Huyo mdogo ana miaka kumi na nane. Anajifunza kufungua gearbox, kusikiliza injini kwa sikio, kujua gasket imeenda kwa harufu. Ni ujuzi wa kweli. Lakini GT ya stima haina gasket ya kichwa. Haina oili ya injini, haina plagi, haina egzosi. Nusu ya kazi ambayo mdosi wake anamfundisha haipo kwa hiyo gari.

Na ile nusu mpya inaua. Taycan inatembea na volti 800. Stima ya nyumba ni 240 na tunaiogopa. Zile waya za rangi ya chungwa chini ya gari si za kujaribu na screwdriver. Gari inaweza kuwa imezimwa, imenyamaza, na bado kuna moto ndani. Mtu anayejifunza kwa kubahatisha, kama tulivyozoea, hapa atazikwa.

Lakini cheki upande mwingine. Betri ya Taycan ya kwanza, ile kubwa, si kitu kimoja. Ni moduli 33, kila moja na seli 12, jumla 396. Moduli moja ikiharibika inaweza kubadilishwa peke yake. Mwenye gari ataambiwa na wengi kwamba betri nzima imekufa, alipe mamilioni. Fundi anayejua kupima atamwambia ni moduli ya 17, ziko zingine 32 nzima. Huyo fundi hatakosa kula maisha yake yote. Na zile moduli zilizotolewa gari bado zina nguvu ya kuwasha kinyozi usiku stima ikienda, kama ilivyoenda nchi nzima Agosti 25, 2023.

Huwezi kujifunzia kwa Porsche. Jifunzie kwa Leaf. Ile ya kwanza ina moduli 48, haina maji ya kupoza betri, na ziko Nairobi tayari, nyingine zimechoka. Kabla ya Leaf kuna pikipiki ya stima, ambayo volti zake ni ndogo na kampuni zake zinaajiri. Ulizia chuo cha ufundi kilicho karibu nawe kama kina kozi ya magari ya stima, na wakisema hapana, waulize ni lini. Usianze na waya wa chungwa. Anza na glavu, na mtu anayejua.

Rada ni hii

Ukiniuliza utarajie nini kutoka kwa GT ya stima ya kifahari, nitakupa jibu fupi. Usitarajie kuinunua mpya. Usitarajie ikupeleke Mombasa na kurudi bila presha. Usitarajie ipende soketi ya plot. Tarajia iuzwe kwako kwa bei tamu ikiwa na miaka saba na miezi kumi, na muuzaji hatazungumzia betri mpaka umlazimishe. Ukifika hapo, taka ripoti ya afya ya betri kwa karatasi, taka historia ya ukaguzi, na ujue ni nani Nairobi atakufungulia hiyo betri siku ikigoma.

Na kama wewe ni huyo mdogo wa tochi, tarajia simu. 2028 si mbali. Kuna mdosi, ama mtoto wa mdosi, atakwama na gari nyeusi isiyo na mlio, waranti imeisha, na kila mahali amepigiwa bei ya kununua ploti. Ataulizia. Mtu atamwambia, "Kuna chali fulani Baba Dogo."

Hakikisha ni wewe.